Senti Yenye Tundu

Mkahawa wetu wa Msambweni ulikuwa na meza nne na mume mmoja mwoga. Simsengenyi, hata yeye alikubali. Miaka ile ya hamsini, majambazi wawili matajiri wa Mombasa walikuwa wakigombea pwani yote ya kusini. Wa kwanza alitubwagia mashine ya kamari kando ya mlango. Wiki haijaisha, wa pili akaleta mashine ya sigara: unatia senti kumi, sigara inaanguka. Kila mmoja alikuwa na vijana wenye marungu, na kila mmoja alitoa onyo lile lile: akija Ijumaa akaikuta mashine ya mwenziwe, mkahawa atautia moto.

Mume wangu alifunga furushi. Sufuria, birika, vikombe, vyote ndani ya shuka.

"Twende kwetu Taru, mke wangu, tukauze mbuzi."

Nilimwambia aende akawauze yeye. Kisha nikaingia jikoni nikalia, maana mkahawa ule niliupenda kuliko nilivyompenda yeye.

Jumatano akaja mjomba wangu, mvuvi wa Majoreni. Wavuvi wa kule walizitunga senti zao kumi kumi kwenye mshipi wa kuvulia, kwa lile tundu la katikati, wakajifunga kiunoni zisipotee baharini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kabati gani hili?"

Nikamweleza. Kamari hakutaka hata kuitazama, haramu, sigara aliitaka. Akatumbukiza senti bila kuifungua kwenye mshipi, kisha, kwa mazoea ya uvuvi, akavuta. Sigara ikaanguka, na senti ikarudi mkononi mwake. Tukatazamana. Akajaribu tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Habari ikasambaa usiku ule ule, na Alhamisi wakata miwa wa Ramisi walijaa kwangu, kila mmoja na mshipi wake. Ile ya kamari nayo waliicheza kwa senti ya mshipi mpaka ikatapika zote; jioni mashine zote mbili zilikuwa tupu, na mahamri yangu nayo yamekwisha.

Ijumaa matajiri wakakutana mlangoni, wakafungua mashine zao.

"Mwizi wewe!" akasema huyu.

"Mwizi wewe!" akajibu yule.

Sisi washamba hakuna aliyetushuku. Marungu yakatembea hadi barabarani, kisha kila mmoja akapakia mashine yake upesi, mwenziwe asije akaiiba. Hawakurudi tena.

Mume wangu akatoka chini ya meza. Alilitazama furushi, akapiga magoti, akaanza kufungua mafundo. Vikombe viwili vilikuwa vimevunjika. Nikabandika chai ya vilivyobaki.