Bibi Kezia wa Zamu ya Jioni

Hili ninalokusimulia lilinikuta mimi mwenyewe, pale Mwanga mjini Kigoma, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu timamu. Wapo waliosema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Ningekuwa nayo ningeshukuru.

Ilikuwa miaka ile ya wageni wa punje. Vita vya ng'ambo ya ziwa vilipochacha, boti hazikutosha watu. Waliobaki nyuma wakaiacha miili yao, nafsi wakazihifadhi kwenye kitu kidogo kama punje ya mahindi, na mtu mmoja akavuka na jamaa zake kumi wametungwa kwenye uzi shingoni. Huku kwetu Kigoma wenyeji wakajitolea kuwapokea. Wapi? Miilini mwao. Mwili mmoja, watu wawili, kwa zamu: mmoja akiwa macho, mwenzake amelala humo humo ndani.

Mimi nilikuwa karani wa dirisha la zamu. Nilihamishwa kikazi kutoka Singida, nikapanga chumba mtaa wa Buzebazeba, na nilijiona naijua kazi kuliko wote. Anayetaka mgeni wake ahamie kwa mwenyeji mwingine, lazima waje wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, waseme wamekubali. Na mgeni lazima awe macho wakati wa kutolewa, maana ni yeye mwenyewe anayejikusanya na kuingia kwenye punje. Akitolewa usingizini, punje inatoka tupu, na mtu huyo ndiyo basi tena. Amekufa.

Tulikuwa na mashine ya kutambua nani yuko macho, lakini ilichukua robo saa kwa kila mtu, na foleni ilifika barabarani. Ndipo mimi, kwa ujanja wangu, nikaanzisha kipimo cha salamu. Nilikuwa na miaka hamsini. Kijana akiwa macho, ataniwahi na shikamoo kabla sijafungua mdomo. Mzee akiwa macho, namwamkia mimi, naye anaitika marahaba. Niambie, kijana gani atamtazama usoni mtu wa umri wa mama yake amwitikie marahaba? Ulimi ungemgomea. Wenzangu wakaiga, na mashine tukaifunika kitambaa.

Yusta alikuwa fundi cherehani pale Mwanga, binti wa miaka ishirini na miwili. Mgeni wake alikuwa Bibi Kezia, ambaye zamu yake ilianza saa kumi jioni. Bibi nilimpenda. Kila alipokuja kuhakikiwa alinishika mkono kwa viganja vyake viwili, akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja, kwa majina. Asubuhi moja Yusta akaja akasema wamekubaliana Bibi ahamie kwa mama mmoja wa Kidahwe. Akaandikisha upande wake. Saa kumi na nusu mwili ule ule ukarudi dirishani, umejifunga kanga ya Bibi, umeinama kama Bibi.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, mwana wanje." Ndivyo Bibi alivyoniita siku zote, mwanangu kwa lugha yake.

"Umekubali kuhama?"

"Ego. Nimekubali."

Hakuniuliza habari za mwanangu hata mmoja. Niliona. Naapa niliona, nikajisemea amechoka, na nyuma yake watu walikuwa wamejipanga. Nikapiga muhuri, nikamtoa Bibi kwa mikono yangu hii, nikaifunga punje kwenye bahasha.

Kidahwe walipoifungua, ilikuwa tupu. Wachunguzi wakaja, wakauliza maswali, wakahitimisha kwamba punje ilikuwa na ufa. Tukaweka msiba usio na maiti. Yusta alilia sana. Mimi nami nililia, nikala wali wa msiba, nikarudi kazini.

Mwezi haujaisha nikapeleka gauni kwa Yusta lipunguzwe. Ilikuwa saa kumi, soko limejaa. Akaniamkia vizuri, akachukua futi, akawa ananipima kiuno huku akinisimulia habari za harusi yake. Ghafla futi ikaanguka. Akanishika mkono kwa viganja vyake viwili, na nilipomtazama, macho yalikuwa ya mtu aliyezinduka usingizini asijue yuko wapi.

"Joyce amepona kifua?" akauliza.

Joyce ni mwanangu wa mwisho, na Yusta hakuwahi kumsikia. Kisha akasema taratibu, bila hasira yoyote, "Mwana wanje, mbona hukuniamsha?"

Niamini, sauti ile niliijua. Mara macho yakabadilika, Yusta akaona jinsi alivyonishika, akakaa chini kwenye vitambaa.

"Amekuja tena, mama? Huwa anakuja saa kumi. Nilidhani ameisha kabisa."

Akaniambia. Mchumba wake alikataa kuoa watu wawili. Bibi naye alikataa kuhama, alisema amehamishwa vya kutosha. Na kila asubuhi Yusta aliamka macho yamevimba kwa kilio cha Bibi cha jana yake, Bibi akiwalilia watu ambao Yusta hakuwajua. Siku ile alikunywa dawa ya kumzidishia Bibi usingizi, akavaa kanga yake. Marahaba alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, mpaka ulimi ukazoea.

Nilipaswa kwenda polisi jioni ile. Sikwenda. Ningesemaje bila kusema kwamba mashine ilifunikwa kitambaa kwa ushauri wangu? Nikaondoka na gauni langu vile vile.

Yusta alijipeleka mwenyewe. Mahakamani akaulizwa alipitaje dirishani, akasema aliidanganya mashine. "Yule mama alinipima vizuri tu, mheshimiwa." Nilikuwa benchi la tatu. Hakunitazama, nami sikusimama. Binti akafungwa peke yake kwa kosa la watu wawili.

Wewe unayenisikiliza, kama uhai wa mtu unapitia mkononi mwako, usijitungie njia ya mkato, hata foleni ifike ziwani. Na ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajakubebea. Mimi najuta, na majuto yangu hayamsaidii mtu. Kila Jumapili nampelekea Yusta chakula gerezani. Wanaruhusu kutembelea mpaka saa kumi na moja. Mimi naaga saa tisa na nusu.