Wareno Niliowaleta Homa Bay

Jambo hili limenikaa kooni wiki nzima, acha niliseme. Nilitembeza wageni Mombasa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria. Juzijuzi hoteli moja ya Homa Bay, mji wa bandari ya ziwani, ikanichukua kwa majaribio, na kazi hiyo niliihitaji sana.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa mtu na mkewe kutoka Nyeri. Tulipofika gatini, mke akasema, “Tuambie historia ya bandari.”

Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikawaeleza habari za Wareno kama nilivyozoea Mombasa, ngome yao na mizinga, hata nikajivuna. Kisha mume akatazama ziwa, akauliza ngome iko upande gani.

Hapo nikaelewa walidhani nasema Homa Bay. Ningekiri, lakini historia ya kwetu sikuwahi kuiuliza.

“Ilibomoka,” nikasema.

Mke akamgeukia mama aliyekuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu yetu, ambaye ni shangazi yangu. “Mama, Wareno waliishi wapi hapa?”

Shangazi akanitazama mimi. “Wareno gani? Odhis, umewaambia nini hawa watu? Babu yako alibeba mizigo ya meli hapa mpaka mgongo ukapinda. Si ungewaambia hiyo?”

Wageni wakaningoja nijibu. Mimi hata hiyo ya babu nilikuwa naisikia mara ya kwanza.