Walianza na Kitalu cha Susu

Sikuwaamini watawa wa yale makao ya wazee. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na kila kitu kilininukia njama. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa amevunjika nyonga shambani kwetu Masii, na daktari akatuonya kwamba asipotembea atalala kitandani mpaka kufa. Makao hayo, pembeni mwa mji wa Machakos, yalituahidi mazoezi kila asubuhi.

Ziara ya kwanza nilikuta wazee vitini wakiinua mikono, mtawa akiwapigia makofi. Susu alikuwa amekunja yake.

"Mimi si mtoto wa nasari," aliniambia.

Ziara ya pili viti vilikuwa vitupu. Nilimkuta nyuma ya jikoni, mkono mmoja fimbo, mwingine kijembe, akipalilia sukuma wiki na vikongwe wenzake. Damu ilinichemka. Nikamwendea yule mtawa wa makofi.

"Haya ndiyo mazoezi? Hizi mboga anakula nani?"

"Wao wenyewe. Zinazobaki tunauza."

"Zinabaki ngapi?"

Alicheka tu. Nikamrudia Susu, nikamwambia akusanye nguo zake twende nyumbani.

"Siwezi, mume wangu." Alinitania hivyo kwa kuwa nina jina la babu. "Tuko na mwethya."

Mwethya ni kulimiana kwa zamu. Ndivyo kizazi chake kilivyochimba mitaro ya mashamba yote kijijini. Hapa kila mzee alikuwa na kitalu chake, na wote walilima cha kila mmoja kwa zamu.

"Walianza na changu," alisema. "Mimi nimekaa kwenye kiti, naangalia wazee wenzangu wakinilimia. Ungekaa wewe? Nikienda sasa, nimekula jasho lao."

"Nani aliamua waanze na chako? Sista?"

"Huyu wa digirii anauliza kama polisi," kikongwe mmoja akasema. "Mpeni jembe tuone kama atauliza tena!"

Wakacheka. Nilitazama dirisha la jikoni. Mtawa alikuwa akituangalia, na alipoona nimemwona akajifanya anafuta kioo. Susu alishaondoka kuelekea kitalu kilichofuata, fimbo mbele, bila kungoja mkono wangu.

Niliondoka peke yangu. Lakini kwanza nilipita jikoni, nikafunua sufuria ya chakula cha mchana. Sukuma ilikuwamo. Niliona ni kidogo kwa vitalu vile vyote.