Mahindi Kwenye Sakafu Yetu

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani pale Mpanda, nikaliona tena lile godauni la mazao. Lipo tangu nikiwa msichana mdogo, lakini kila nikiliona nachukia upya.

Ungekulia kwetu miaka ile ya tisini, ungeijua sakafu yetu. Watu wa mgodi wa zamani walijenga banda, wakaondoka, mabati yakaibwa, ikabaki zege yenye mteremko mzuri ajabu. Tulitengeneza magari ya mbao, magurudumu yake beringi chakavu za kuokota gereji, tukateremka nayo tukipiga kelele. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma, alisema mngurumo ule unamtia kizunguzungu. Shida ilikuwa nyufa. Beringi ikinasa, gari linabaki, wewe unaruka.

Basi wakaja watu wa mradi. Walitaka kuikarabati iwe uwanja wa watoto, na papo hapo wawafundishe uashi vijana wasio na kazi. Kaka yangu akajiandikisha. Alimaliza darasa la saba zamani, anashinda kijiweni, na bibi aliyetulea alikuwa ameanza kumwangalia kwa huruma, jambo lililomuuma kuliko kutukanwa. Alichotaka kaka ni kitu kimoja tu: aitwe fundi.

Niliwapelekea chakula, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka, nikakaa kuwatazama. Mwalimu wao, mzee wa Kifipa, hakuchoka kusema, "Saruji haikauki, inaiva. Mwagilieni." Sisi watoto tukapewa kazi ya maji. Tukitoka shule tunabeba ndoo kutoka kisimani, tunalowesha magunia yaliyofunika sakafu, na tunajiona wakubwa kweli. Ile harufu ya saruji na gunia bichi naipenda hadi leo.

Magunia yalipoondolewa, tulicheza kama vichaa. Halafu kaka, kwa furaha yake, akamfuata bibi aliyekuwa akianika mahindi uani, kwenye udongo.

"Bibi, leta mahindi kwenye sakafu yangu. Hutapepeta mchanga tena."

Bibi alivua kandambili, akatembea juu yake taratibu, akainama kuipapasa. "Umeweza, baba," akamwambia. Sijawahi kumwona kaka amesimama wima namna ile.

Kesho yake jirani akaleta ya kwake. Nani angemkataza? Kwetu ukipata mahali pasipo na mchanga, unaanika. Haukupita muda sakafu yote ikawa mahindi na muhogo, na sisi wenye magari tunafukuzwa: "Nyie watoto, tokeni! Mtakanyaga chakula!" Msimu uliofuata mnunuzi wa mazao akaiona, akazungumza na wakubwa wa mji, akapewa ajenge godauni juu yake.

Mimi nililia. Kaka hakukasirika hata kidogo, alisema godauni litahitaji mafundi. Alifua suruali, akachukua mwiko wake, akawa anakwenda kusimama pale kila asubuhi pamoja na wenzake. Mnunuzi akaleta mafundi kwa treni kutoka Tabora. Vijana wetu wakaambiwa hawajulikani.

Na mtaani wangefanya kazi gani? Nyumba zetu zilikuwa za tope, chini udongo mtupu, saruji ilikuwa ya watu wengine. Wakatawanyika mmoja mmoja, wengine wakaenda Mwese kulima. Kaka akaenda Ugalla kuchoma mkaa, akalowea huko. Bibi alifariki akiwa bado anamwita fundi, na nadhani alibaki peke yake kumwita hivyo.

Siku hizi ukimweleza mtoto wa mtaa ule habari za magari ya beringi anakuangalia tu. Hilo ningelizoea. Ila mwaka huu nimejenga nyumba Mpanda, nikasafiri hadi Ugalla kumwomba kaka aje anisakafie. Nilitaka awe yeye, si mwingine. Alitazama viganja vyake vilivyojaa masizi.

"Mdogo wangu," akasema, "tafuta fundi."