Ndoo ya Maji ya Mvua

Mke wangu anachanganya sabuni kiwandani, mimi ni fundi bomba wa hospitali wanayotaka kuiuzia, kwa hiyo ugomvi wa nyumba yetu ni maji. Kisima cha hospitali hiyo kina maji magumu, yamejaa chokaa. Ukitia sabuni, badala ya povu unapata utando wa kijivu unaong'ang'ania shuka kama kupe. Miaka miwili mama watoto ametafuta kiungo cha kuizuia ile chokaa isiharibu sabuni. Amemwaga mapipa mangapi, Mungu ndiye ajuaye. Mwisho bosi wake akachoka: "Jaribio la Jumatatu likishindwa, ukienda nyumbani usirudi."

Jumatatu nikatumwa kuteka ndoo ya maji ya kisima kwa ajili ya jaribio. Mke wangu alikuwa hajala siku mbili kwa wasiwasi, nami shetani akanipitia. Nikajaza maji ya mvua kutoka tangi letu la nyumbani. Yale hayana chokaa; hata sabuni mbovu hutoa povu humo.

Kwenye chumba cha kufulia, bosi amekunja mikono. Dobi mkuu wa hospitali, mama asiyecheka hata kwa dawa, ameshika shuka chafu. Mke wangu akachovya kidole kwenye ndoo, akaonja. Lahaula! Maji ya tangi letu yana ladha ya mabati, na yeye ndiye anayeyapikia kila siku. Akanitazama. Nikaangalia viatu vyangu.

Akaimwaga ndoo yote sakafuni.

"We mama, una wazimu?" bosi akafoka.

"Haya si ya kisima," akajibu, akaenda mwenyewe kufungua bomba la ukutani, linalotoa maji ya kisima.

Akatia sabuni, akakoroga. Wapi! Nikasema moyoni, tumekwisha. Akazidi kukoroga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na povu likaanza, hafifu, likapanda. Dobi mkuu akafua, akasuuza, akapitisha kidole pembeni mwa beseni kutafuta utando. Akapitisha tena.

"Leteni pipa zima la sabuni hii," akasema.

Nikaruka kama mtoto. "Si nilikwambia? Nilijua tu utaweza!"

Mke wangu akanikabidhi ndoo tupu.

"Miaka miwili unasema unaniamini, baba watoto. Kumbe ulikuwa unaiamini mvua."

Nikaibeba mpaka nyumbani, yeye ametangulia mbele.