Halas ya Kaka Yangu

Neno halas nilifundishwa na kaka yangu kabla sijapanda ndege. Alikuwa ameendesha lori Riyadh kabla yangu, kwenye maghala yaleyale ya Al-Sulay, na alipenda kujifanya mwalimu. Ukilisema taratibu, alinieleza, maana yake ni sawa, tumekubaliana. Ukilikata, ni basi, sitaki kusikia tena. "Kafili, yaani mwajiri wako, akikukatia halas, wewe nyamaza tu," alisema. Tulicheka sana siku hiyo.

Sisi ni watu wa msitu. Babu zetu walitundika mizinga humo kabla haujaitwa wa serikali, na tangu tufukuzwe tumekuwa kortini tukidai turudishiwe msitu mzima kwa hati moja ya jamii, ili asipatikane wa kuuza. Kilichonikera ni utaratibu. Kila uamuzi kuhusu kesi ulipitishwa na waliofika mkutanoni tu. Sisi tulio mbali, na tuko mbali kwa sababu tulifukuzwa, tulichukuliwa kama hatupo. Lori likipakiwa, mimi niko kwenye simu nabishana na wanakamati mpaka sikio linawaka moto. Mwishowe wakili akakubali na mkutano ukapitisha: aliye mbali atarekodi sauti yake, nayo itachezwa mbele ya wote. Nilivimba kichwa, nani asingevimba? Wa kuzikusanya hizo sauti akachaguliwa kaka yangu. Mimi ndiye niliyempendekeza.

Haukupita muda serikali ikaja na maneno matamu: tuondoe kesi, na kila familia itapewa kipande pembeni mwa msitu, chenye hati yake. Kaka akanitumia ujumbe kuniuliza, ili jibu langu lichezwe mkutanoni. Jua lilikuwa kali, msimamizi anapiga kelele yalla, yalla, haraka. Nikabonyeza simu nikasema, "Hayo mambo ya vipande, halas." Nililikata hasa. Watu wengine wangeweza kukosea, lakini si yeye.

Baada ya mkutano, kabla sijapata habari zake, nilipeleka mzigo Jeddah. Dada yetu anafanya kazi za nyumbani huko, na Ijumaa madam humruhusu kwenda kwa rafiki yake, mtaa wa Bani Malik. Nilimkuta ameshapika ugali. Hakunisalimia vizuri.

"Bro, kwa nini ulikubali?"

"Nilikubali nini?"

Akanionyesha video aliyotumiwa na shangazi. Kaka amesimama mbele ya watu, simu ameiweka kwenye maikrofoni. Sauti yangu ikatoka. Halafu akawafafanulia, kwa upole wa mzee wa kanisa, kwamba huko Uarabuni halas ni sawa, tumekubaliana. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nani angembishia, na yeye ndiye aliyeishi huko? Mikono ikainuliwa, kesi ikaondolewa.

"Na sauti yako?" nikamuuliza dada.

"Mimi nilimwambia mafi vipande, hakuna vipande. Hakuicheza."

Ugali ulinishinda. Nilihisi uchungu ambao sijawahi kuuhisi kwa mtu mgeni, maana mgeni hawezi kukujua kiasi hicho. Nilimpigia kaka palepale, dada akisikiliza.

Hakukana. Alisema tungezeekea kortini. Alisema mimi nakula kuku wa Waarabu, sijui hali ya nyumbani. Nilipombana zaidi akataja kipande chake, kwamba kinapakana na barabara, na kwamba kuna mtu ameshakuja kukitazama.

"Ulijua nilichosema," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Si wewe uliyetaka watu wa mbali wasikike? Umesikika."

Nikamwambia nitamtafuta wakili, kila mtu aisikie sauti yangu tena, na maana yake niieleze mwenyewe. Akaniacha nifoke mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Halas, ndugu yangu." Alilisema taratibu, ile ya tumekubaliana, akakata simu.