Plasta ya Asubuhi ya Harusi

Harufu ya mafuta ya nazi ikinipata popote, hata kwenye msongamano wa magari wa Westlands, Nairobi, narudi kwenye asubuhi ya harusi ya Shangazi Mumbua. Nilikuwa na miaka saba, na mimi ndiye niliyechaguliwa kumtangulia bibi harusi nikimwaga maua. Usingizi ulinikataa kwa furaha. Gauni langu la pinki lilining'inia mlangoni, nami nililigusa kila nilipopita, nihakikishe bado liko.

Tatizo lilikuwa usoni. Siku chache kabla, nikifanya mazoezi ya mwendo wa maharusi, nilijikwaa kwenye ngazi za ploti yetu, jengo la wapangaji karibu na Adams Arcade, nikapasuka juu ya jicho. Kidonda kilishakauka, lakini plasta ilikuwa imeng'ang'ania nyusi, na mpiga picha alikuwa njiani.

Baba alikuwa mtu wa kumaliza mambo. "Kuja hapa. Navuta mara moja tu, hutasikia kitu."

Ahadi hiyo niliijua. Goti langu lilishaionja. Nikaingia chini ya meza nikatangaza kwamba harusini siendi.

Ndipo Susu, mama yake Baba, akaja na mafuta ya nazi na kitambaa cha maji vuguvugu. "Mwache mtoto," akasema. Akaketi sakafuni na nguo yake mpya, akakilaza kichwa changu mapajani. Akapaka mafuta kwenye kingo za plasta, akangoja, akapaka tena. Kisha akaanza kuikunja taratibu, ikiwa imelala karibu na ngozi, akifuata nywele zinakoelekea, kidole kingine kikiishikilia ngozi isivutike. Nje magari yakapiga honi.

"Mama, tumechelewa," Baba akasema.

"Wangoje. Niambie, mjukuu wangu, hayo maua utayamwaga namna gani?"

Nikaeleza kwa mikono yote miwili, hatua kwa hatua. Maelezo yangu yalipofika madhabahuni, plasta ilikuwa kiganjani mwake na nyusi zangu zote zilikuwa mahali pake. Nikatoka mbio kumwonyesha shangazi.

Susu hakuinuka upesi. Alibaki pale akijifuta vidole, macho kwenye mlango wa chumba alimovishwa bibi harusi. Nilidhani magoti yanamuuma. Mwaka jana, dada yangu alipoolewa, nilimwona Mama akipiga pasi upya nguo iliyokwisha kunyooka huku wageni wakisubiri, nikaelewa. Shangazi Mumbua alikuwa kitinda mimba wa Susu, mtoto wa mwisho kumwondokea nyumbani. Zile dakika za ziada hakuzitaka kwa ajili ya nyusi zangu peke yake.